Umeme usiopimwa unatuunguza: tunataka mita kila mlango

LUBUMBASHI, Katuba. Kwetu ukitaka kujua saa bila kutazama simu, tazama ampuli. Kufika saa kumi na mbili za jioni inaanza kuwa nyekundu. Saa moja, televizyo inazima yenyewe. Saa mbili, mama aliyeweka madesu juu ya resho tangu saa tisa anafunua chungu, anaonja, anakuta bado ni mawe. Anaita mtoto: "Washa mbabula!" Hivyo chakula kimoja kinalipwa mara mbili: umeme wa mwezi mzima ulikwisha kulipwa, na makala ya leo yamenunuliwa tena.

Wasomaji wanajua kwamba nimeandika mara nyingi juu ya delestaji. Leo naandika juu ya kitu kingine, kwa sababu jioni ninayoieleza hapa umeme haukukatwa. Umeme umo, lakini hauna nguvu. Ukiuliza majirani, wengi watakujibu: "Ni watu wa migodi, wamechukua wote." Wengine watasema: "Ni Leta."

Sikatai. Historia ya umeme wetu inajulikana. Mtambo wa Mwadingusha juu ya mto Lufira ulianza kazi mwaka 1930, ule wa Nseke juu ya Lualaba mwaka 1956, na yote ilijengwa kwa ajili ya shaba, si kwa ajili ya chungu cha mama wa Katuba. Kisha ikaja Inga 1 mwaka 1972 na Inga 2 mwaka 1982, na waya wa karibu kilometa 1,700 ukavutwa kutoka Inga mpaka Kolwezi, ukipita juu ya vijiji vingi visivyopata kutoka kwake hata ampuli moja. Viwanda kwanza, watu nyuma: hiyo ni desturi ya zamani hapa. Anayetaka kuandika juu ya hiyo aandike, nami nitatia sahihi.

Lakini hata ule umeme mdogo unaofika kwenye kabini ya avenyu yetu, tunaupoteza. Tunaupoteza kila siku, na sababu yake kubwa si ujinga wa wakaaji wala ubaya wa roho. Sababu ni kwamba hakuna anayeupima. Tunalipa kwa forfe, yaani bei moja kila mwezi, utumie usitumie. Mimi nasema forfe ndiyo inayotuunguza, na wale wanaoitetea, wawe ofisini au wawe katika lupango, wanatetea giza letu.

Tuone forfe inavyofanya kazi. Lupango moja ina milango sita. Mlango wa kwanza anakaa mzee peke yake, ana ampuli mbili na redio. Mlango wa tatu kuna familia ya watu tisa, resho mbili, pasi, konjelateri ya kuuzisha maji baridi. Fakture ikija, inagawanywa kwa sita. Mzee analipa sawa na mwenye konjelateri. Mwezi ambao mzee alikuwa Likasi kwa matanga, majuma matatu mlango umefungwa, analipa vilevile. Akirudi, atafanya nini? Ataenda soko kununua resho yake. Nani atamlaumu? Amelipa kama mtu mwenye resho, na yeye aipate.

Ndiyo maana ampuli za nje zinawaka saa sita za mchana. Ndiyo maana resho haizimwi baada ya bukari kuiva: inaachwa "iendelee kupasha maji", na wakati wa baridi ya mwezi wa sita inaachwa usiku mzima ipashe chumba. Muulize mwenyewe, atakujibu neno moja: "Nimekwisha kulipa." Jibu hilo lina akili. Ukiuza maji kwa bei moja ya mwezi, nani atafunga robine? Kosa liko kwa aliyeweka bei hiyo.

Sasa nieleze kwa nini uzembe huo unarudi juu ya kichwa chetu, maana wengi wanadhani umeme unaopotea ni hasara ya kampuni tu. Resho ya wati 1500 imetengenezwa kwa volti 220. Kila mtu akiwasha yake jioni, nyaya zinabeba mzigo kupita nguvu zake, na volti zinashuka. Zikifika 150, resho ile haitoi tena wati 1500. Inatoa karibu wati 700, chini ya nusu. Madesu ambayo yangeiva kwa saa mbili sasa yanataka saa nne au tano, na pengine hayaivi kabisa. Kwa hiyo resho inakaa ikiwaka muda mrefu zaidi. Kwa kuwa inakaa ikiwaka, inakutana na resho ya jirani, na ya jirani wa jirani, zote kwa saa moja. Volti zinashuka tena. Sisi wote tunangoja chakula, na kila mmoja kwa kungoja kwake anazidi kumchelewesha mwenzake.

Halafu kuna wenye uwezo. Wao wananunua regilatere, ile mashine ya kupandisha volti. Televizyo yao inawaka vizuri, wanasema tatizo limekwisha. Halikuisha, limehamia kwa jirani. Mashine hiyo haizalishi umeme: ili kutoa volti 220 mahali panapofika 150, inavuta ampea nyingi zaidi kutoka kwenye waya uleule, na waya ukivutwa zaidi, volti za nyumba zinazofuata zinaanguka tena. Sisemi wazitupe. Nasema wasije mkutanoni kutuambia kwamba kila mtu ajitafutie yake.

Mwisho wa mchezo huu tunaujua: kabini inapasuka. Ya kwetu ilipasuka jioni moja, tukasikia kishindo kama cha gurudumu la lori, na tukakaa zaidi ya mwezi katika giza. Watu wa kampuni ya umeme walikuja, wakatazama, wakaandika, wakaondoka. Kisha ikaanza kotizo. Kila mlango ulitozwa, mlango kwa mlango, kwa daftari la shule, kununua nyaya na mafuta ya transfoma, na usafiri wa mafundi, na chakula cha mafundi. Hakuna aliyepewa risiti. Na fakture ya mwezi ule wa giza ilifika, bei ileile, tarehe ileile! Mimi nililipa kotizo, nikalipa na fakture. Nimeweka karatasi hiyo, sitaitupa.

Katika fakture ile ndipo nilipoelewa. Mtu anayekulipisha kwa kipimo, akikunyima bidhaa, yeye ndiye anapoteza. Mtu anayekulipisha kwa forfe hapotezi kitu. Kabini ikae imekufa mwezi mmoja au mitatu, pesa inaingia. Basi haraka yake itoke wapi? Forfe imempa mkaaji sababu ya kupoteza, na imempa muuzaji sababu ya kulala.

Kuna na mtu wa tatu katika jambo hili, na huyo mara nyingi tunamwonea haya kwa sababu ni jirani, ni baba, tunasali naye: mwenye lupango. Anakusanya pesa ya nyumba, ndani yake na pesa ya umeme. Alipokuwa na mlango mmoja alivuta waya mmoja. Leo ana milango sita, waya ni uleule. Hesabu ni ya mtoto wa shule: resho sita za wati 1500 ni wati 9000, na kwa volti 220 hizo ni zaidi ya ampea 40. Waya wa shaba wa milimeta 2.5 za mraba, ule unaowekwa sana majumbani, haufai kubebeshwa zaidi ya ampea 20 hivi. Zilizobaki zinakuwa moto ndani ya waya, juu ya dari, chini ya manjanja, kando ya godoro la mtoto. Na ukitafuta disjonkteri, kile kifaa kinachokata umeme ukizidi, unakuta kimeondolewa na mahali pake kimefungwa kipande cha waya, "kwa sababu kilikuwa kinakata kila saa". Kilikuwa kinakata kila saa kwa sababu kilikuwa kinafanya kazi yake!

Baba wenye lupango, nawaheshimu, lakini nawaambia: pesa ya umeme mnayoikusanya kwa milango sita si pesa ya waya mmoja.

Umeme unapokosa nguvu, mbabula ndiyo mshindi. Na mbabula yetu ya bati yenye matundu, tunaipenda, ni ya bei nafuu, mafundi wetu wanaipiga vizuri, lakini joto lake nyingi linatoka kwa pembeni na kupasha miguu ya mpishi kuliko chungu. Makala yenyewe yanatoka mbali kila mwaka zaidi. Wazee wanakumbuka msitu wa miombo ulipokuwa karibu na mji. Leo baiskeli zilizopakia magunia zinakuja kutoka mbali kwenye barabara ya Kasenga, ya Likasi, ya Kasumbalesa, na anayezisukuma amelala njiani. Katika tanuru ya udongo ya kwetu, kilo 100 za kuni kavu zinatoa kati ya kilo 10 na 20 za makala, zilizobaki zimekwenda na moshi. Kwa hiyo chungu cha madesu kilichoshindwa na resho dhaifu kinakula mti kule Kasenga. Na katika usiku wa baridi, mbabula inayoingizwa chumbani na mlango kufungwa inatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala moshi. Watu wanalala, hawaamki. Kila mwaka wa baridi tunasikia habari hizo, na kila mara tunasema "ni bahati mbaya". Tuache kusema hivyo.

Najua watakaonijibu. Wa kwanza ni wale wa semina, wanaokuja na projekteri kutufundisha kwamba maskini anapoteza nishati kwa kukosa elimu. Nawajibu: mama wa Katuba anayepima makala kwa macho, anayezima masalio kwa maji kidogo na kuyakausha ayatumie kesho, hahitaji somo la kubana matumizi. Anabana kila kitu anachokilipia kwa kipimo. Makala anayanunua kwa ndobo, anajua ndobo ni siku ngapi. Unga anaununua kwa kilo, anajua kilo ni watu wangapi. Umeme peke yake hajapewa kipimo, na umeme peke yake ndio unaopotea. Mwalimu wake angekuwa mita.

Wa pili ni majirani zangu wenyewe, na hofu yao ni ya kweli. Mama mmoja anayeuza unga karibu na barabara aliniambia: "Mwanangu, forfe ninaijua. Mita siijui. Mtaileta ile ya kulipia mbele, pesa itaisha tarehe kumi, na watoto watakaa gizani." Sikuweza kumwambia anakosea. Ukiweka mita leo na kuacha mengine yote yalivyo, anayepika kwa resho kutwa nzima ataumia, na atarudi kwenye makala kabisa. Ndiyo maana sisemi "leteni mita" tu na kwenda zangu. Mita ikija peke yake itakuwa adhabu. Ije pamoja na mambo mengine, na nayataja.

Kwa kampuni ya umeme. Kwanza, wekeni mita moja katika kila kabini, hata kabla ya zile za majumbani. Ni kifaa kimoja kwa mamia ya milango. Tujue umeme kiasi gani umeingia avenyu yetu kwa mwezi, tulinganishe na pesa mliyochukua. Namba hiyo ibandikwe ukutani kwa mkuu wa mtaa, kila mtu aisome. Pili, mita kila mlango, si kila lupango, maana mita moja kwa milango sita ni forfe iliyovaa koti jipya. Tatu, uniti za kwanza za kila mwezi, zile za taa, redio na simu, ziwe za bei ndogo ambayo mzee wa mlango wa kwanza anaiweza. Anayetaka konjelateri alipie konjelateri. Nne, kabini ikifa, malipo yasimame siku hiyohiyo, na kotizo yoyote ya wakaaji ikatwe kwenye fakture zinazofuata, kwa risiti.

Kwa wenye lupango. Waya unaofaa mzigo, disjonkteri kwa kila mlango, na dirisha au tundu la hewa mahali pa kupikia. Mkuu wa mtaa, ambaye anajua kila lupango na anapita kila anapokuwa na karatasi ya kodi, apite na hiyo pia. Nyumba yenye kipande cha waya mahali pa disjonkteri isipangishwe mpaka irekebishwe. Wapangaji nao wasikubali kuongezewa bei kwa kurudishiwa usalama ambao haukupaswa kuondolewa.

Kwa sisi wenyewe. Yapo tunayoweza kuanza juma hili, bila kungoja mtu. Lupango yenye ampuli 12 za zamani za wati 60 inavuta wati 720. Zikibadilishwa na za LED za wati 9, inavuta 108. Hizo wati 600 na zaidi zilizookolewa ni karibu resho moja iliyochoka kama zetu. Hesabu hiyo tuifanye lupango kwa lupango, tuone jioni ya avenyu nzima. Pesa ya ampuli tuiweke kwa likelemba: kila juma mlango mmoja unabadilishiwa zake zote.

Mbabula yenye kikombe cha udongo ndani inashika joto na kulirudisha kwenye chungu. Kenya wametumia jiko la namna hiyo tangu miaka ya 1980, na makala yanayookolewa ni theluthi au hata zaidi ukilinganisha na la bati tupu. Mafundi wetu wa bati wapo, na wafinyanzi wapo. Hatuhitaji kuagiza kitu, tunahitaji watu hao wawili wakutane. Madesu yalowekwe usiku. Chungu kifunikwe. Yakishachemka vizuri nusu saa, kitolewe motoni kikazungushiwe blanketi la zamani ndani ya kikapu au katoni, kitaendelea kuiva bila moto. Bibi zetu walijua hiyo kabla ya resho kuzaliwa.

Na tupange saa. Anayepiga pasi apige asubuhi. Anayechemsha maji ya kuoga asichemshe saa ileile ya bukari. Bila mita, najua, hakuna atakayekushukuru. Lakini volti zitakazobaki ni za chungu chako mwenyewe.

Watakaosema kwamba hayo yote ni ndoto, niwakumbushe karatasi moja iliyo juu kuliko fakture. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 48, inahakikisha haki ya makao yanayofaa, haki ya kupata maji ya kunywa na nguvu ya umeme. Vimewekwa katika kifungu kimoja: nyumba, maji, umeme. Walioandika walielewa kwamba haviachani. Lakini haki isiyopimwa haidaiki. Ukienda kudai kwamba hukupata umeme wa kutosha, watakuuliza: kiasi gani? Leo hakuna mkaaji wa avenyu yetu anayeweza kujibu swali hilo, na hiyo inawafaa sana wasiotaka kuulizwa.

Basi, kabla ya kwenda kwa meya, kabla ya kwenda kwa liwali, tujihesabu. Nimeanza na lupango ninamokaa. Tuna milango mitano, ampuli 11, resho 4, disjonkteri 0. Ile sufuri imeniaibisha, maana naandika kalamu mkononi na waya mbovu juu ya kichwa. Mwenye lupango nimemwonyesha karatasi. Amekaa kimya kwanza, kisha akauliza bei ya disjonkteri. Tumeanzia hapo.

Kila lupango ifanye hesabu yake kwenye karatasi: milango mingapi, ampuli ngapi, resho ngapi, waya wa namna gani, umelipa kiasi gani, miezi mingapi ya giza uliyoilipia. Tuzikusanye kwa mkuu wa mtaa, tuzipeleke pamoja, kwa mkono, mchana, na kila anayezipokea atie sahihi. Kidole kimoja hakivunji chawa. Na wakituuliza tunataka nini, tusijibu "tunataka umeme", maana watatuambia umo, na ampuli nyekundu watatuonyesha kama ushahidi. Tuwajibu: tunataka kupimiwa.